"Ni Vitundu Vitatu Tu": Je, Naogopa Bure?

Shikamoo Bibi Muuguzi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 56, mwalimu wa sekondari. Miezi miwili iliyopita nilipigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi kilichogoma kuisha. Kikohozi chenyewe kilipona kabla majibu hayajatoka, lakini picha ikaonyesha kinundu cha sentimita 2 kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu. Tangu hapo nimepitishwa kwenye mashine ya CT, nimechomwa sindano ya kuchukua kinyama, na majibu yamesema ni saratani, bado iko hatua ya mwanzo. Daktari bingwa wa upasuaji anataka kuliondoa pande lote la juu la pafu hilo kwa njia ya matundu madogo na kamera. Nimebakiza siku kumi na moja.

Alinieleza kwa takriban dakika kumi, nami nikawa natikisa kichwa kwa kila neno kama mwanafunzi anayeomba asiulizwe swali. Nilipofika nyumbani nikagundua nimebaki na vitu vitatu tu kichwani: "matundu matatu", "mrija" na "siku nne".

Sasa nyumbani kuna kambi mbili. Shemeji yangu aliwahi kutolewa kifuko cha nyongo kwa matundu, akalala hospitali usiku mmoja, na tangu hapo amekuwa profesa wa upasuaji. Anasema ni jambo la mchezo, ni vitundu vitatu tu. Mkuu wangu wa shule amemsikia, na tayari amenipangia vipindi wiki ya pili baada ya upasuaji. Kambi ya pili ni mke wangu. Baba yake alipasuliwa kifua zamani, akabaki na kovu kutoka chini ya chuchu hadi mgongoni, na karibu mwaka mzima hakuweza kulalia upande ule. Mke wangu analia usiku akidhani nimelala.

Mimi niko katikati, na kwa kuwa nimeacha sigara wiki tatu zilizopita baada ya miaka thelathini, hasira nazo hazinikosi. Naomba unieleze kwa lugha ya kawaida: nitaamkaje? Huo mrija ni wa nini? Nitapumuaje na pafu lililopunguzwa? Lini nitasimama tena darasani? Na mtu mzima akiogopa vitundu vitatu, si anajidekeza?

Mwalimu wa Vipindi vya Asubuhi

*

Marahaba, Mwalimu.

Nimefanya kazi wodi ya kifua miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningekuwa na uwezo ningelifuta lile neno "tu" katika sentensi ya shemeji yako. Nimeliona likiumiza watu kuliko kisu. Mtu anaingia akiamini ni jambo la mchezo, siku ya tatu anashindwa kuinua mkono kuchana nywele, anaanza kujiuliza kimeharibika nini. Kumbe hakijaharibika kitu. Amefanyiwa upasuaji mkubwa kupitia mlango mdogo.

Shemeji si mwongo, anasimulia habari za tumbo lake. Kifuko cha nyongo ni kijimfuko ambacho mwili unaishi bila kukikumbuka. Wewe unaondolewa kipande cha kiungo kinachofanya kazi kila sekunde. Mishipa mikubwa ya damu inayounganisha pande lile na moyo itafungwa na kukatwa mmoja mmoja, njia ya hewa itabanwa kwa pini za chuma na kukatwa, na tezi za limfu za jirani zitachukuliwa zikapimwe. Hayo yote yatafanyika hata kama ngozi yako itaonyesha alama tatu ndogo.

Mke wako naye anasema kweli, ila kweli ya upasuaji mwingine. Baba mkwe wako alifunguliwa kifua kwa mkato mrefu, sentimita 15 hadi 20 au zaidi, kisha mbavu zikapanuliwa kwa chombo cha chuma ili mikono ya daktari ipite. Chini ya kila ubavu kuna mshipa wa fahamu unaoufuata toka mgongoni hadi mbele. Mbavu zikipanuliwa kwa nguvu, mishipa ile hubanwa na kuvutwa, na hapo ndipo yalipotoka yale maumivu ya mwaka mzima. Kwa njia yako mbavu hazipanuliwi. Kamera huingia kwenye tundu la sentimita moja hivi, vyombo vyembamba hupita kwenye mengine, na daktari anafanya kazi akitazama skrini. Tundu kubwa kuliko yote huwa la sentimita 3 au 4, kwa sababu lile pande la pafu lazima litokee mahali: huingizwa kwenye kifuko ndani kwa ndani, kisha huvutwa nje pamoja na kifuko chake. Wengine hutumia tundu moja tu. Kwa roboti matundu huongezeka, mara nyingi manne au matano, lakini ni membamba zaidi. Idadi ya matundu isikunyime usingizi. Uzoefu wa mikono iliyovishika vile vyombo ndio wa kuuliza.

Wala si mtindo uliozuka juzi. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Stockholm, Hans Christian Jacobaeus, aliandika jinsi alivyochungulia ndani ya kifua kwa bomba lenye taa, na njia hiyo ikatumika sana kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kilichoifikisha kwenye upasuaji mkubwa kama wako ni kamera za video, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Uingereza walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2022: wagonjwa 503 waliohitaji kuondolewa pande la pafu, nusu wakafanyiwa kwa matundu na nusu kwa kufunguliwa kifua, bila wao kuchagua. Wiki tano baadaye wale wa matundu walikuwa na nguvu zaidi za kufanya shughuli zao, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache kwao. Saratani iliondolewa vizuri sawasawa kwa njia zote mbili. Lakini tazama siku za kulazwa: kwa kawaida nne dhidi ya tano. Tofauti ni siku moja, Mwalimu! Mwonyeshe shemeji namba hiyo. Faida ya matundu ipo na ni ya kweli, ila sehemu kubwa utaiona ukiwa nyumbani, katika wiki zinazofuata, maumivu yanapopungua mapema kuliko yalivyompungukia baba mkwe.

Sasa siku yenyewe. Utaambiwa usile kwa muda wa saa sita au zaidi kabla ya usingizi, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili hivi. Fuata watakavyokuambia pale kwenu, maana ratiba hutofautiana. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, au za sukari au presha, zitaje zote leo, usingoje asubuhi ya upasuaji. Ukishalala, daktari wa usingizi ataingiza kooni mrija wenye njia mbili, moja kwa kila pafu, ili pafu la kushoto lipumue peke yake na la kulia linywee. Kunywea kwake ndiko kunakompa daktari nafasi ya kufanya kazi. Tumboni, kama kwa shemeji, hupuliziwa gesi ili kupata nafasi, lakini kifuani mbavu zimekwisha kukujengea chumba. Utalazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia umeinuliwa, na hilo pekee linatosha kukuamsha na bega linalolalamika.

Kazi ndani huchukua saa mbili hadi nne. Mwambie mke wako kwamba utapotea machoni pake kwa muda mrefu kuliko huo, kwa sababu kuna kulazwa, kupangwa, kuamshwa na kuangaliwa. Nimewaona wake na waume wengi wakizimia kwa hofu saa ya tano ilhali mgonjwa amekwisha amka na anaomba maji.

Kwenye fomu utakayotia saini kutakuwa na sentensi inayosema wanaweza kulazimika kufungua kifua. Usiruke sentensi hiyo, wala usiichukue kama nuksi. Wakati mwingine pafu limenata kwenye ukuta wa kifua kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, au mshipa unavuja damu, au kinundu kimekaa pabaya. Daktari mwenye busara hufungua mapema, wala haoni aibu. Muulize: "Wewe mwenyewe umefanya upasuaji huu mara ngapi, na ni mara ngapi umelazimika kufungua?" Daktari mzuri atakujibu bila kununa.

Utaamka na kiu, koo linawasha, puani una hewa ya oksijeni, mkononi dripu, ubavuni mrija, na pengine mwingine wa mkojo. Unaweza kuhisi maumivu makali juu ya bega la kulia kuliko kwenye matundu yenyewe, na watu hushtuka wakidhani ni moyo. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo. Asili ya mshipa huo ni shingoni, kwa hiyo ukichokozwa ndani unalia begani. Hata hivyo mwambie muuguzi, usijitibu kwa maelezo yangu. Atakuuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Sema namba ya kweli. Wanaume wa umri wako hupenda kusema mbili huku jasho linawatoka.

Ganzi ambayo huchomwa karibu na uti wa mgongo au kati ya mbavu hupoza upande ule kwa saa nyingi, kisha mnaendelea na parasetamoli na nyingine zenye nguvu zaidi. Dawa hizo hatukupi kwa kukuhurumia. Tunakupa ili uweze kukohoa. Asiyekohoa kwa kuogopa maumivu huacha makohozi yakae sehemu ya chini ya pafu, na siku ya tatu tunamtibu nimonia. Kumbatia mto kifuani, ubane kwenye upande uliopasuliwa, kohoa kwa nguvu mara mbili. Kaa kwenye kiti jioni ileile kama hali inaruhusu, na kesho yake tembea. Dawa kali za maumivu hufunga choo pia, jambo ambalo hakuna anayelitaja mpaka limfike, kwa hiyo ombeni ya kulainisha mapema.

Mrija sasa, maana naona umekukaa rohoni. Ni bomba la plastiki laini, limepita kwenye tundu mojawapo hadi ndani ya kifua, na mwisho wake wa nje umeunganishwa na chupa yenye maji. Pafu lililobaki limeshonwa kwa pini, na penye pini hewa inaweza kupenya kidogo kwa siku za mwanzo. Hewa hiyo na damu kidogo inayochuruzika zisipopewa njia, zitalibana pafu lisifunguke. Maji ya kwenye chupa yanaacha hewa itoke bila kuirudisha ndani. Ukiona mapovu unapokohoa, ni hewa inatoka, ndiyo kazi yake. Ukiona maji yanapanda na kushuka unapopumua, mrija uko wazi na mambo ni mazuri. Majimaji huanza mekundu, kisha hufifia kama maji yaliyooshewa brashi ya rangi. Wewe kazi yako ni mbili: chupa ikae chini ya usawa wa kifua chako wakati wote, na usiulalie mrija ukajikunja. Beba chupa unapotembea, kama ndoo. Wagonjwa wangu walikuwa wakikutana koridoni kila mmoja na ndoo yake, na hapo ndipo urafiki ulipoanzia.

Mapovu yakikoma, majimaji yakipungua na eksirei ikionyesha pafu limejaa, mrija hutolewa. Utaambiwa uvute pumzi uishikilie, na kwa sekunde chache utasikia kitu kinateleza kwa namna isiyopendeza. Basi. Wengi hutolewa katika siku za mwanzo mwanzo. Mapovu yakiendelea kupita siku ya tano, tunasema pafu linavuja kuliko kawaida. Hilo hutokea, hasa kwa waliovuta sigara miaka mingi kama wewe, na wengine hurudi nyumbani na mrija wao ukiwa na kizibo cha njia moja, wakautoa kliniki baadaye. Inaudhi sana, lakini wengi pafu lao hujiziba bila kurudishwa chumba cha upasuaji.

Jambo lingine ambalo huwatisha watu ni moyo kuanza kwenda mbio ovyo, mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Baada ya kuondolewa pande la pafu humpata takriban mtu mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo. Ukihisi moyo unapapatika, sema papo hapo. Dawa yake ipo, na kwa wengi hutulia na kwenda zake.

Kuhusu kupumua: pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili. Ukitolewa moja utabaki na manne. Yale mawili ya kulia yatatanuka, kiwambo kitapanda kidogo, na nafasi itajazwa. Ile siku uliyopulizia kwenye mashine mpaka ukaona nyota, walikuwa wanapiga hesabu hiyohiyo, kama kitakachobaki kitakutosha. Wasingekupangia tarehe kama hakitoshi. Wiki za kwanza ngazi zitakuhemesha. Tembea kila siku, kesho zaidi ya leo kidogo, mpaka ngazi zikuzoee tena.

Nyumbani yatakupata mambo ambayo karatasi ya hospitali huyapitia haraka. Ngozi ya chini ya chuchu, kuelekea tumboni, inaweza kuwa na ganzi kama si yako, au kuchoma hata shati likiigusa. Ni ile mishipa ya fahamu ya mbavuni. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Kwa wachache maumivu hubaki muda mrefu, hata kwa njia ya matundu, na yapo ya kuyatibu, usivumilie kimya kimya. Kikohozi kikavu kitakusumbua, hasa ukiongea sana. Uchovu utakuangukia saa nane mchana bila taarifa. Kulala umeinuliwa kwa mito kutakusaidia zaidi ya kulala chali.

Na mkuu wa shule? Mwambie wiki ya pili haipo. Kwa kuondolewa pande la pafu, wiki nne hadi sita ni makadirio ya haki kwa kazi isiyo ya kubeba mizigo, na mwalimu hufanya kazi kwa pumzi. Kusimama na kupaza sauti vipindi vitano mfululizo ni mzigo, hata kama mkononi una chaki tu. Omba barua ya daktari mapema na urudi kwa vipindi vichache kwanza. Sauti ikikwaruza siku za mwanzo ni ule mrija wa kooni. Ikidumu, waambie kliniki. Usiinue kitu kizito, tuseme zaidi ya kilo 5, kwa wiki nne hadi sita. Usiendeshe gari ukiwa kwenye dawa kali wala kabla hujaweza kugeuka na kukata kona ghafla bila kusita. Ndege usipande mpaka daktari aruhusu, kwa sababu hewa iliyobaki kifuani hutanuka kadiri ndege inavyopaa.

Ukiwa nyumbani usingoje kliniki ikiwa pumzi imekata ghafla, maumivu ya kifua ni mapya na makali, unakohoa damu, homa imefika 38, mguu mmoja umevimba na unauma, kidonda kinatoa usaha, au shingo na kifua vimevimba na ngozi inalia kama karatasi ukiibonyeza. Nenda siku hiyohiyo. Pumzi ikikata, hata usiku wa manane.

Sigara. Wiki tatu ni kazi kubwa, na siku hizi kumi na moja zikiongezeka utakuwa umefikisha zaidi ya mwezi, jambo ambalo pafu lako litalishukuru siku ya kuamka. Kama makohozi yameongezeka tangu uache, usidhani umejiharibu. Pafu linajisafisha. Hasira nazo zina dawa, ulizia viraka au tembe za nikotini, lakini wajulishe wanaokupasua. Isiwepo sigara ya kuagana.

Kipo kitu kimoja ambacho hukukiuliza. Lile pande na zile tezi zitapelekwa maabara, na majibu kamili huchukua wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo mtajua kama hatua ni ileile ya mwanzo na kama kuna tiba nyingine ya kuongeza. Kwa wengi wenye kinundu kidogo, upasuaji ndio huwa mwisho wa tiba na kinachobaki ni kupigwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Lakini miadi ile usiende peke yako. Nenda na mke wako, na maswali mkiwa mmeyaandika kwenye karatasi, kwa sababu sote tumeona jinsi unavyotikisa kichwa.

Umeuliza kama unajidekeza. Unakatwa pafu, Mwalimu. Anayeingia pale bila hofu yoyote ndiye niliyekuwa nikimwangalia mara mbili. Nakuomba tu hofu yako usiifiche. Na leo usiku ukimsikia mkeo analia, geuka umwambie na wewe hukulala.